KAMBI ZA KUFUNGIA RAIA WAKATI WA VITA: SOMO LILILO KARIBU NASI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu, Diff

Utangulizi

Mwaka huu nimeombwa na wenzangu wa Chama cha Kiswahili niandike makala ya somo, na wala si hadithi kama ile ya mwaka jana. Nimechagua jambo zito kidogo. Nakuomba usifunge jarida, soma hadi mwisho kisha ujibu maswali niliyoweka.

Mambo yalianza hivi. Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Historia alikuwa akifundisha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Aliandika ubaoni neno moja tu: Auschwitz. Akatueleza habari za kambi ile mpaka darasa zima likanyamaza kama maji ya mtungini. Hata wale wa nyuma wanaopenda kuchezacheza walitulia. Kisha mwenzetu mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, hayo ni ya Wazungu huko kwao. Sisi kwetu Afrika kulikuwa na kambi kama hizo?" Mwalimu alipangusa chaki mikononi, akasema, "Kuuliza si ujinga. Leo jioni nendeni mkawaulize wazee wenu nyumbani, kesho mje mniambie."

Faida ya shule ya kutwa ni hiyo. Mwenzako wa shule ya bweni anangoja likizo ndipo amwone nyanya yake, lakini mimi kengele ya jioni ikilia naenda nyumbani na maswali yangu mfukoni. Jioni ile nilimkuta ayeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba, ameketi juu ya mkeka anangoja adhana ya Magharibi. Nikamuuliza, "Ayeyo, wewe umewahi kukaa kambini?" Hakunijibu. Alisali, tukala, tukanywa chai, na nilipokuwa natandika ndipo akasema, "Walikuwa wakipaita kijiji. Lakini wewe mjukuu wangu, kijiji gani kinafungwa mlango jua likitua?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Maana ya kambi

Kwetu huku mtoto akisikia neno kambi fikira zake zinakimbia Dadaab, ambako wakimbizi kutoka Somalia wamekaa tangu mwaka 1991. Hiyo ni kambi ya wakimbizi. Mkimbizi ameikimbilia mwenyewe ili aokoe maisha yake, hata kama baadaye anapata shida ya kutoka bila karatasi. Pia kuna kambi ya wafungwa wa vita, ambao ni wanajeshi waliokamatwa wakipigana.

Kambi ninayoizungumzia ni ya namna ya tatu. Ni mahali ambapo serikali au jeshi hukusanya raia, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, ikawafungia bila kuwapeleka mahakamani. Hawakushtakiwa kosa lolote. Wamefungiwa kwa sababu ya kabila lao, dini yao, au kwa sababu wanaishi mahali ambapo adui anajificha. Magazeti mengi huziita kambi za mateso. Mimi nitasema kambi za kufungia raia, kwa maana si zote zilizojengwa kwa nia ya kutesa, ingawa karibu zote zilileta mateso.

Asili yake

Wengi hudhani kambi hizi zilianzishwa na Hitler. Sivyo. Katika miaka ya 1896 na 1897 Wahispania waliwakusanya wakulima wa kisiwa cha Cuba ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Watu wengi mno walikufa kwa njaa na magonjwa.

Halafu Waingereza wakafanya hivyo hapa Afrika, wakati wa Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902. Jeshi lao lilichoma mashamba na kuwapeleka wake na watoto wa Makaburu kambini. Mwaka 1901 mama mmoja Mwingereza, Emily Hobhouse, alitembelea kambi hizo, akarudi kwao na kusema wazi aliyoyaona: watoto waliokonda, maji machafu, mahema yaliyojaa wagonjwa. Makaburu zaidi ya 26,000 walikufa humo, na wengi wao walikuwa watoto. Waafrika nao walifungiwa kambi zao peke yao, na waliokufa huko ni zaidi ya 14,000. Hao husahaulika mara nyingi. Muuaji mkubwa hakuwa risasi bali surua, homa ya matumbo na kuhara.

Sisi wafugaji tuna mfano mwingine wa kuutazama kwa makini, nao ni wa Libya. Waitaliano walipokuwa wakipigana na Omar Mukhtar, kuanzia mwaka 1930 waliwahamisha wafugaji wa upande wa mashariki, karibu watu 100,000, wakawafungia katika kambi za jangwani zenye seng'enge. Mifugo yao karibu yote iliangamia na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Omar Mukhtar mwenyewe alinyongwa tarehe 16 Septemba 1931. Waitaliano hao hao walikuwa na kambi iliyoitwa Danane, kusini mwa Mogadishu kando ya bahari, walikowafungia Waethiopia baada ya kuivamia nchi yao mwaka 1935. Wengi walifia pale kwa malaria, kuhara na chakula kibovu. Ukitazama ramani utaona Danane si mbali sana nasi.

Kambi za Hitler zilikuwa jambo jingine. Ile ya kwanza kubwa, Dachau, ilifunguliwa Machi 1933 kwa ajili ya wapinzani wa serikali. Baadaye zikajengwa kambi za maangamizi, ambazo kazi yake ilikuwa kuua tu. Watu waliletwa kwa magari ya moshi, wakachaguliwa pale pale stesheni, wasioweza kufanya kazi wakapelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Katika Auschwitz, nchini Poland, walikufa watu wapatao milioni 1.1, na karibu milioni 1 kati yao walikuwa Wayahudi. Waliobakizwa wafanye kazi walichanjwa nambari mkononi badala ya majina. Jeshi la Urusi ya Kisovieti lilifika pale tarehe 27 Januari 1945. Kwa jumla Wayahudi milioni 6 waliuawa katika vita vile.

Kambi za Kenya kabla ya Uhuru

Mwaka 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini bila kesi. Majina ya kambi hizo wazee wa bara wanayajua: Manyani, Mackinnon Road, Mageta, Mwea. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji hivyo vilizungushiwa handaki na miti iliyochongwa, vikalindwa na homugadi. Kutoka ni kwa ruhusa, na ukichelewa kurudi shauri lako.

Kambi moja ilikuwa jirani yetu. Ni Hola, kusini mwa Garissa ukifuata mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walitolewa kwenda kuchimba. Waliokataa walipigwa kwa marungu, na watu 11 wakafa. Wakubwa wa serikali kwanza walitangaza ati wamekufa kwa kunywa maji. Madaktari walipochunguza maiti waliona alama za kipigo. Habari ikafika bunge la Uingereza na kuleta aibu kubwa. Ilichukua miaka 54, hadi Juni 2013, ndipo serikali ya Uingereza iliposema inasikitika kwa mateso ya wakati ule na kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228.

Nataka ukumbuke ile njia ya vijiji, kwa kuwa iliendelea hata baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa.

Kambi za kwetu, 1966 na 1967

Kabla ya Uhuru sehemu yetu iliitwa NFD. Mwaka 1962 tume ilitumwa kuwauliza wakazi wanataka nini, na ikaona kwamba Wasomali na Waislamu wengine wa huku kwa wingi wanataka kuungana na Somalia. Waingereza hawakufuata matakwa hayo. Mwaka 1963 wakatangaza Mkoa wa Kaskazini Mashariki kuwa sehemu ya Kenya. Kenya ikapata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 25 Desemba, hata wiki mbili hazijatimia, hali ya hatari ikatangazwa huku kwetu. Vita vikaanza, na wapiganaji wakaitwa shifta, neno la kutoka Ethiopia lenye maana ya jambazi.

Nisije nikalaumiwa kuwa naegemea upande mmoja. Shifta nao waliua. Tarehe 28 Juni 1963, kabla ya Uhuru, mkuu wa wilaya ya Isiolo Daudi Dabasso Wabera aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Baadaye polisi, askari na raia waliuawa njiani, na kutoka 1966 hivi magari yakaanza kulipuliwa na mabomu yaliyozikwa barabarani. Askari aliyetoka mbali, hajui lugha ya huku, aliogopa kila kichaka. Lakini wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa nyasi walikuwa wafugaji.

Mpakani ulikatwa ukanda wa maili 5 ambao mtu haruhusiwi kuingia. Kisha mwaka 1966 serikali ikaamua kuwaingiza wafugaji katika vijiji. Vijiji 14 vilipangwa katika sehemu zote za kaskazini zilizokuwa na vita. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuwatenga raia na shifta ili shifta wakose maziwa na habari, na kuwaletea raia maendeleo, yaani shule, dawa na kilimo. Aliyekataa kuhamia alihesabiwa kuwa shifta naye. Wengine walivuka mpaka wakaenda Somalia.

Wenzetu Waborana wa Isiolo, waliofungiwa mahali kama Garba Tulla na Merti, wana jina la wakati ule. Wanauita Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Nalipenda jina hilo kwa kuwa linasema kweli. Maisha ya mfugaji ni kwenda. Akisimamishwa, ni kama mvuvi aliyefungiwa bara.

Maisha ndani ya kambi

Hapa nitamwachia ayeyo. Maneno yake ni ya Kisomali, Kiswahili ni changu. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi.

"Tuliambiwa tuhame kwa siku chache. Mama alivunja aqal, akapakia ngamia miti na mikeka kama kila siku tunapohama, kwa hiyo mimi nilidhani tunafuata mvua. Nilikuwa nafurahi. Tulipofika niliona aqal zimebanana, mlango wa huyu unatazama mgongo wa yule. Sikupata kuona watu wengi namna ile mahali pamoja isipokuwa siku ya Idi.

"Asubuhi tunahesabiwa, jioni tunahesabiwa. Wanyama wanatoka jua likishapanda na lazima warudi kabla ya jua kutua. Sasa fikiri mwenyewe. Ngamia anataka kutembea siku nzima ndipo akutane na mti anaoupenda. Kwa siku chache nyasi na majani ya karibu yakaisha. Ukitazama pande zote ni mchanga mweupe tu. Ng'ombe wakaanza, kisha mbuzi. Ngamia wa baba aliyeitwa Suban alikuwa na maziwa ya kutosha nyumba mbili. Alikauka. Siku moja wachungaji walichelewa kurudi, na ngamia walioonekana nje ya mpaka wakapigwa risasi. Baba alikaa chini, hakusema kitu. Kutoka siku ile mimi sijamsikia baba yangu akiimba akinywesha."

Nilimuuliza walikula nini. Akasema walipewa unga wa mahindi na maharagwe, na mama yake hakujua kupika maharagwe, akayaweka motoni muda mfupi kama chai, watoto wakaumwa tumbo. Akacheka kidogo aliposema hivyo. Mtu aliyezoea maziwa na nyama akila unga mtupu siku nyingi huwa dhaifu. Nadhani na wewe msomaji unamjua mzee fulani ambaye mpaka leo hataki kuona maharagwe. Usimcheke. Muulize kwa nini.

Fedheha nayo ilikuwa mateso. Mwanamume mwenye ngamia mia alisimama kwenye foleni na bakuli. Akitaka kwenda kumzika ndugu yake nje ya kijiji anaomba pasi kwa kijana wa umri wa mwanawe. Anapigwa kofi mbele ya watoto wake. Ayeyo anasema wanaume wengi hawakuumwa na ugonjwa wowote, "walinyamaza tu mpaka wakafa."

Magonjwa na vifo

Tukilinganisha kambi zote nilizozitaja tunaona jambo moja. Iwe Afrika Kusini, iwe Libya, iwe kwetu, watu wakibanwa pamoja bila choo cha kutosha, bila maji safi na bila chakula walichozoea, magonjwa huja yenyewe. Surua inaruka kutoka aqal hadi aqal. Kuhara kunamaliza watoto kwa siku mbili. Kifua kikuu kinapenda mahali penye msongamano. Kwa hiyo hata pasipokuwa na mtu aliyepanga kuua, kifo hupata njia.

Mdogo wake ayeyo alikuwa na miaka miwili. Alishikwa na surua, kisha kuhara, akafa alfajiri. Mlango wa kijiji haukufunguliwa mpaka jua lilipopanda, kwa hiyo walikaa naye ndani saa kadhaa, ndipo wakaruhusiwa watu wanne tu kwenda kumzika. Ayeyo hakuruhusiwa. Anasema alihesabu waliotoka na waliorudi, akaona ni wanne kwa wanne, akashangaa mbona hesabu ya askari imetoshelea na yao nyumbani imepungua mmoja.

Nilipoandika sentensi hiyo niliweka kalamu chini.

Vita vilisimama Oktoba 1967, baada ya Rais Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia Mohamed Ibrahim Egal kukubaliana huko Arusha, msuluhishi akiwa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Watu wakaanza kutoka vijijini. Lakini kutoka bila mnyama ni kutoka kwenda wapi? Wengi walibaki kandokando ya miji wakawa vibarua, wachoma makaa, wauza kuni. Ukipita mtaani ukaona familia ambayo haina ngamia hata mmoja na haikumbuki ilikuwa nao lini, huenda umaskini wake ulianza mwaka ule.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa mambo waliyoyatenda huku kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Na ile hali ya hatari yenyewe ilikaa mpaka 1991. Yaani mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kupata watoto, yote chini ya hali ya hatari.

Wagalla, 1984

Siwezi kuyaacha haya, ijapokuwa hayakutokea wakati wa vita. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika operesheni ya kutafuta bunduki, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Waliwekwa pale juani siku kadhaa, wamevuliwa nguo, bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 57, na mwaka 2000 ikasema 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano baadaye ilisema ni karibu 1,000, na wenyeji wengi wanataja idadi kubwa zaidi. Mama mmoja Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alisaidia majeruhi na kuzika wafu, na alisaidia habari ifike nje.

Mnaona? Hola walisema ni maji. Wagalla walisema ni 57. Kifo cha kambini huwa na kifo cha pili, nacho ni uongo.

Je, zote ni sawa?

Niliposoma nakala ya kwanza ya makala haya mbele ya Chama, mwanachama mmoja alinipinga. Alisema, "Usilinganishe kijiji cha manyatta na Auschwitz. Hapakuwa na gesi hapa." Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba mtoto akifa amekufa, gesi au surua ni mamoja. Tulibishana mpaka wakati wa swala.

Nimefikiri nikaona wote wawili wana kweli. Auschwitz ilijengwa ili watu waishe. Vijiji vya kwetu havikujengwa kwa nia hiyo, na mtu akisema ni kitu kimoja anamkosea Myahudi aliyepoteza ukoo mzima na anaharibu ushahidi wake mwenyewe, maana mwongo wa neno moja haaminiwi kwa kumi. Lakini pia si haki kusema kwa sababu hapakuwa na gesi basi hapakuwa na kitu. Ayeyo hana haja ya gesi ili mdogo wake awe amekufa. Njia bora ni kuita kila kitu kwa jina lake, na kwa jina lake chote kisemwe.

Mafunzo tunayopata

Kwanza, kambi huanza kwa maneno. Watu wote wa mahali fulani wakiitwa shifta, au panya, au magaidi, mlango wa kambi umeshaanza kujengwa. Sisi wenyewe huku tuangalie tunavyowaita watu wa koo nyingine na wageni wanaokuja kutufundisha.

Pili, sheria ni lazima isimame hata wakati wa vita. Mwaka 1949 mataifa yalikubaliana huko Geneva kuwalinda raia vitani. Mtu mwenye kosa apelekwe mahakamani, asifungwe na nyanya yake na mbuzi wake.

Tatu, kusema kunasaidia. Emily Hobhouse alisema. Wazee wa Mau Mau walisema mpaka wakasikika. Mwaka 2011 tume ya ukweli ilikuja Garissa na Wajir, na wazee wetu wakasimama mbele ya watu wakasema. Ripoti yake ikatolewa Mei 2013. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa makosa ya serikali za nyuma, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10.

Nne, na hili ni la sisi wanafunzi. Wale waliokuwa watu wazima mwaka 1966 karibu wote wamekwisha kwenda mbele ya haki. Waliobaki ni waliokuwa watoto, nao sasa ni wazee. Kitabu cha darasani kina nafasi kubwa kwa Auschwitz na kiasi kwa Hola, lakini kwa Gaf Daba ni mistari michache. Hatutamlaumu mwandishi wa kitabu ikiwa sisi tulio na wazee hao nyumbani hatukuandika. Chukua daftari la kurasa 32, linatosha. Andika jina la mahali, mwaka, walikula nini, nani alikufa.

Hitimisho

Siku niliyomaliza makala haya nilimsomea ayeyo, nikimgeuzia kwa Kisomali. Nilipofika kwa mdogo wake alinikatiza. Nikaogopa nimemuudhi. Akasema, "Hujaandika jina lake." Nikamwambia mwalimu amesema tusiandike majina ya watu jaridani. Akafikiri, akasema, "Basi andika alikuwa ameanza kusema neno maziwa."

Nimeandika.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kambi ya wakimbizi, kambi ya wafungwa wa vita na kambi ya kufungia raia.
2. Taja njia moja iliyotumiwa na Waingereza vita vya Mau Mau ambayo ilitumiwa tena huku kwetu mwaka 1966.
3. Kwa nini kumfungia mfugaji mahali pamoja ni adhabu hata kama amepewa chakula?
4. Mwandishi anasema kifo cha kambini huwa na kifo cha pili. Anakusudia nini? Toa mifano miwili.
5. Je, wewe unakubaliana na mwanachama wa kwanza au wa pili katika ule ubishi? Toa sababu zako.
6. Kazi ya nyumbani: muulize mzee mmoja swali moja, kisha andika jibu lake bila kuongeza chumvi.